Mume, Mke na Usukani

Familia zinazosafiri kutoka Mombasa kwenda Malindi zina desturi moja zifikapo juu ya daraja la Kilifi. Watoto hubandika nyuso zao kwenye vioo vya gari na kuulizana juu ya vyombo vyeupe vilivyotia nanga chini katika hori. Vya nani vile? Na mtu hulala humo? Wakubwa hujibu kuwa ni vya wazungu, na mazungumzo huishia hapo. Sisi nasi tulikuwa tukijibu hivyo hivyo, mpaka mjukuu wetu mmoja alipolikataa jawabu hilo akataka kujua watu hao hupika vipi na huenda choo wapi. Ikatubidi tusome.

Tuliyoyasoma yalitupeleka mbali na Kilifi, katika pwani ya mashariki ya Marekani, kwani huko mume na mke kuhamia katika yoti yao ya injini ni jambo lililozoeleka. Iko njia ya maji iitwayo Intracoastal Waterway, yaani njia ipitayo upande wa ndani wa pwani. Huhesabiwa kuanzia Norfolk, katika jimbo la Virginia, penye maili sufuri, ikateremka kusini hadi Miami, Florida, masafa ya maili 1,090 hivi, karibu na kilomita 1,750. Mito, ghuba, vinamasi vya chumvi na mifereji ya kuchimbwa imeunganishwa ikawa njia moja. Upo mfereji mmoja wa pembeni, wa Dismal Swamp, uliofunguliwa mwaka 1805, ambao ulichimbwa kwa jasho la watumwa. Apitaye humo leo kwa starehe yafaa alijue hilo.

Aliyewahi kutoka Lamu kwenda Pate kwa kupitia Mkanda, katikati ya mikoko, ataifahamu mara moja faida ya njia kama hiyo. Bahari kuu hubaki nje na mawimbi yake. Huko Marekani nje ipo rasi ya Hatteras, iliyozamisha vyombo vingi hata eneo lake likaitwa makaburi ya Atlantiki, na njia ya ndani humwezesha msafiri kuikwepa.

Wengi wa wasafiri hawa ni watu waliokwisha kustaafu. Huteremka kusini mwezi wa Oktoba na Novemba wakifuata joto, na kurudi kaskazini majira ya kuchipua. Msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, kwa hiyo safari ya kwenda haitakiwi kufanywa mapema mno. Chombo wakipendacho hufanana na mashua za wavuvi, na jina lake pia wamelikopa kwa wavuvi, ingawa wavu hakijapata kuuona. Mwendo wake ni maili saba au nane za bahari kwa saa. Kijana wa baiskeli angekipita bila kutoa jasho. Kwa mwendo huo injini moja ya dizeli hutumia lita nane hadi kumi na mbili kwa saa, na safari nzima huchukua mwezi mmoja au zaidi.

Chombo cha aina hiyo chenye urefu wa futi 36 huwa na upana wa futi 12 hivi. Wenyeji wa nyumba za kale za Lamu wanajua kuwa upana wa chumba hupimwa kwa urefu wa boriti, basi na wafikirie chumba kipana kuliko hicho kwa hatua moja tu, ambamo mna jiko, meza, kitanda, betri, matangi ya maji na injini chini ya sakafu. Humo watu wawili huishi miezi. Mmoja akichukia, hana baraza ya kwenda kukaa. Kuhusu choo, na hili ni jawabu la mjukuu wetu, uchafu huhifadhiwa katika tangi na kunyonywa kwa pampu bandarini, kwa kuwa sheria ya nchi ile hairuhusu kumwaga uchafu mbichi ndani ya maili tatu za bahari kutoka pwani.

Siku huanza na injini. Hutazamwa mafuta yake, maji ya kuipoza, mikanda na chujio za dizeli, kisha maji ya ngama. Halafu ramani, na baada ya ramani, jedwali la maji kujaa na kupwa. Katika jimbo la Georgia maji hupanda na kushuka futi sita hadi tisa, na zipo sehemu, kama Jekyll Creek, ambazo mchanga umezijaza hata vyombo hukwama. Mabaharia wa huko wana kanuni ambayo wazee wetu wa majahazi hawakuhitaji kuambiwa: mahali pa hatari pitwe wakati maji yanajaa, ili ukikwama maji yenyewe yakuinue. Atakayekwama maji yakitoka atapwelewa, naye atakaa kiubavu na chombo chake saa nyingi.

Lakini tulichokuta kinazungumzwa kwa uchungu zaidi kuliko mchanga ni namna ya kufika gatini. Ada ilikuwa mume akae usukanini na mke asimame omoni na kamba mkononi. Upepo husukuma upande huu, mkondo wa maji upande ule, injini inanguruma na hasikilizani mtu. Mume hupaza sauti. Mke, ambaye hakuelezwa lolote kabla, huruka gatini na kamba, au huirusha ikaanguka majini, na watu wote wa bandari wametoka kutazama. Kuna wanawake walioacha safari kwa ajili ya kelele hizo. Siku hizi huuzwa vipaza sauti vidogo vya kuvaliwa kichwani, ili wawili hao wasemezane kwa upole, na mabaharia wameviita waokoa ndoa. Sisi tulicheka, kisha tukaona kuwa si la kuchekwa.

Dawa nyingine haina gharama. Ni kubadilishana nafasi. Usukani na gea hazihitaji nguvu. Kamba na nanga ndizo zinazotaka misuli. Basi mke na ashike usukani, mume aende omoni. Waalimu wengi wa uendeshaji husema hivyo, na chama cha mabaharia wa kujifurahisha kiitwacho United States Power Squadrons, kilichoanzishwa mwaka 1914, hufundisha wake kwa waume.

Na sababu kubwa si gati. Mume wa miaka sitini na mitano ateleza alfajiri sitaha ikiwa na umande, akaanguka majini. Au moyo wake unasita akiwa usukanini. Chombo kinaendelea kwenda. Aliyebaki ni mwanamke mmoja, naye ama anajua, ama hajui. Anayejua humrushia boya na hamwondolei macho, kwa kuwa kichwa cha mtu hupotea upesi katikati ya mawimbi. Hugeuza chombo, akimkaribia huitoa injini kwenye gea ili rafadha isimkate, na hushika redio chaneli ya 16 akasema Mayday mara tatu, kisha jina la chombo na mahali kilipo. Haya yote hujifunzwa kwa siku chache. Asiyejua huenda alikaa chomboni miaka kumi, akapika chakula kizuri, na kila alipouliza kitufe hiki ni cha nini akaambiwa asijisumbue, mwenyewe nahodha yupo.

Hatumshawishi msomaji kununua yoti. Hata chombo kikuukuu bei yake hujenga nyumba, na matengenezo yake hayaishi. Tena wengi wa watu hao wameacha wajukuu nchi kavu, jambo ambalo sisi tusingeliweza.

Usiku mmoja baada ya Isha tulimsomea mwenzetu wa nyumbani maneno haya. Alisikiliza huku akikunja nguo za watoto, hata tulipofika kwenye kitufe akaiweka kanzu chini.

"Maalim, mimi na wewe hatuna chombo."

Tukamwambia hatuna.

"Basi hati ya kile kiwanja cha Likoni iko wapi?"

Tulinyamaza. Hati imo katika kasha la bati, na ufunguo wa kasha umekaa mfukoni mwetu tangu siku tulipokinunua kiwanja. Ijumaa iliyofuata, kabla ya chakula, tulilifungua mbele yake. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko tulivyodhani, kwa kuwa mlikuwa na karatasi ambazo hata sisi wenyewe hatukukumbuka tena ni za nini.