Mbegu Ilivuka Bahari, Mpishi Wake Akaachwa

Aprili 22, 1500, meli za Ureno zilizoongozwa na Pedro Álvares Cabral zilifika pwani ya nchi ambayo leo ni Brazil. Zilikaa siku chache, zikapita kusini mwa Afrika ambako dhoruba ilizamisha nne, na mwishoni mwa Julai mwaka huohuo zilizosalia zilitia nanga Kilwa. Safari moja, mwaka mmoja, mabara mawili. Tunapofundisha kwamba Columbus alifika visiwa vya Karibea mwaka 1492, tunazungumza kama watu wanaotazama jambo la wengine kwa mbali, ilhali miaka minane tu baadaye njia ile ilikuwa imekwisha kugusa pwani yetu.

Mwandishi wa msafara huo, Pêro Vaz de Caminha, alimwandikia mfalme wake kwamba wenyeji wa Brazil hawalimi wala hawafugi, wanakula mizizi fulani inayoota huko, akaitaja kama viazi vikuu. Wanahistoria wengi wanaamini alichokiona ni muhogo. Hakuwa na habari kwamba anatazama zao lililofugwa kwa maelfu ya miaka, wala kwamba aina zake chungu huua zisipotayarishwa vizuri. Aliona chakula, akapitwa na kazi iliyokifanya kiwe chakula. Kosa hilo la Caminha ndilo ninalotaka kulifuatilia hadi Nassa, kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria mkoani Simiyu.

Nassa ina historia yake ya kutembelewa na Wazungu. Mpelelezi Mwingereza Speke aliliona ziwa kutokea upande wa Mwanza Agosti 1858. Machi 1875 mpelelezi mwingine, Stanley, alipita kwa mashua yake, Lady Alice, akifuata ufukwe wa kusini wa ghuba ilipo Nassa, akaipa ghuba yote jina la Speke, kama vile Columbus alivyokibatiza San Salvador kisiwa ambacho wenyeji wake walikiita Guanahani. Baadaye wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) kutoka Uingereza walifungua kituo Nassa, na mwaka 1909 kikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1895. Lakini mazao ya Amerika yalikuwa yametangulia zamani. Speke na mwenzake Burton walipoingia bara kati ya 1857 na 1859 walikuta mahindi, viazi vitamu na mihogo vikilimwa na watu ambao hawajawahi kumwona Mzungu. Mbegu na vipando vilikuwa vimepita mkono kwa mkono, kutoka pwani ya mashariki na kutoka Kongo, soko hadi soko, shamba hadi shamba.

Tazama leo shamba la kawaida huko Nassa. Mahindi asili yake ni Mexico. Karanga ni za Amerika Kusini. Viazi vitamu, maharage, nyanya na tumbaku, vyote ni vya ng'ambo ile. Hata pamba, zao linaloutambulisha mkoa wa Simiyu kuliko jingine lolote, ni ya jamii iliyofugwa Mexico na jirani zake. Mtama, ulezi na kunde ndio wenyeji wa Afrika, nao wamesogezwa pembeni.

Zao huja na masharti yake, na masharti hayo hayaandikwi kwenye punje wala kwenye kipande cha mti. Muhogo unaonyesha hili kuliko mazao yote.

Ndani ya muhogo sumu haikai ikiwa tayari. Kuna kemikali iitwayo linamarini, na pembeni yake kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Seli ikiwa nzima, viwili hivyo hutengana. Ukiukwangua, ukiutwanga au ukiuvundika, seli hupasuka, viwili hivyo hukutana, na sianidi hutoka na kupotelea hewani au majini. Kwa hiyo kinachookoa hasa ni kuvunja seli kwanza. Jua peke yake, juu ya kipande kinene kisichovunjwa, hukausha muhogo haraka kuliko linavyoondoa sumu. Wanawake wa Amazon walilijua hili bila maabara: waliukwangua muhogo mchungu, wakaukamua ndani ya mfuko mrefu wa kusukwa unaonyongwa kwa kuvutwa, kisha wakaukaanga.

Kwa nini ujuzi huo haukusafiri na mti wenyewe? Waliobeba vipando walikuwa mabaharia na wafanyabiashara, na wengi wao walitaka chakula cha kulisha watumwa melini na kwenye vituo vya pwani. Wenye ujuzi walikuwa wanawake wa mataifa yaliyokuwa yanakufa. Ndui iliingia Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki huko Mexico, mwaka 1520, ikamuua hata mtawala Cuitláhuac, na Agosti 1521 mji ukaanguka mikononi mwa Mhispania Cortés. Watafiti wengi wanakadiria kwamba katika karne moja na nusu baada ya Columbus, wenyeji wa Amerika walipungua kwa karibu asilimia tisini. Mauaji, utumwa, njaa na magonjwa viliondoa walimu kabla mtu yeyote hajafikiria kuwauliza.

Ushahidi mzuri uko Afrika Magharibi. Huko, katika karne ya 19, watumwa walioachwa huru walirejea kutoka Brazil na kusaidia kueneza utengenezaji wa gari, unga wa muhogo uliokwanguliwa, kuchachushwa, kukamuliwa na kukaangwa. Waliorudi walikuwa wameushika ujuzi kwa mikono yao. Upande wetu wa bara haukupata marejeo makubwa ya aina hiyo.

Ndipo watu wa kandokando ya ziwa wakalazimika kugundua upya. Na waligundua! Udaga ni ugunduzi mkubwa: muhogo humenywa, huanikwa kidogo, hurundikwa na kufunikwa mpaka uote ukungu, kisha hukwanguliwa, huanikwa tena na kutwangwa. Siku zile za kuvundika ndizo zinazovunja seli. Makopa, yaani muhogo uliomenywa na kuanikwa moja kwa moja, ni rahisi zaidi, na kwa aina tamu hayana shida, lakini kwa muhogo mchungu kinga yake ni ndogo. Kwenye viazi vitamu Wasukuma walikwenda mbali zaidi: kwa michembe viazi hukatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, kwa matobolwa huchemshwa kwanza. Watu wa milima ya Andes nao waliweka akiba ya viazi vyao vya mviringo kwa kuvigandisha kwa baridi ya usiku na kuvikausha. Ni akili ileile, bila mmoja kumfundisha mwenzake.

Lakini ujuzi unaoishi katika desturi tu huvunjika mwaka mbaya ukija. Ukame wa 1985 ulipoikumba Tarime, kaskazini mwa Simiyu kule Mara, muhogo mchungu ulikuwa karibu chakula pekee, na njaa ikawafanya watu wafupishe maandalizi. Kukazuka konzo: ghafla miguu inakakamaa, na ulemavu huo haurudi nyuma. Waliopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ukame wenyewe huongeza sumu ndani ya muhogo, na mwili unahitaji salfa kutoka kwenye protini ili kuivunja sianidi. Hivyo mwaka ambao hakuna maziwa, dagaa wala maharage ndio mwaka ambao sumu imezidi na kinga imepungua. Nawaomba maofisa ugani wasiione hii kuwa habari ya kale.

Mahindi yana hadithi inayofanana. Mexico waliyachemsha na chokaa au majivu kabla ya kuyasaga, na hilo hufungua vitamini ya niasini iliyojificha ndani ya punje. Wazungu walichukua punje wakaacha chokaa. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal, huko Asturias, Hispania, alieleza ugonjwa wa maskini walioishi kwa mahindi, ambao leo tunauita pelagra. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukaua maelfu kusini mwa Marekani. Familia ya Nassa inayokula ugali kwa dagaa, mtindi au mboga iliyoungwa karanga inajikinga vizuri. Familia inayokula ugali kwa chumvi haina kinga hiyo.

Hata wataalamu wa kilimo walilazimika kurudi kwenye mimea ya Amerika kutafuta kilichoachwa. Ugonjwa wa batobato wa muhogo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Usambara mwaka 1894. Virusi vyake ni vya Afrika, na muhogo haukuwahi kukutana navyo kwao. Katika kituo cha Amani, Tanga, kuanzia miaka ya 1930, watafiti Storey na Nichols waliuchavusha muhogo kwa ndugu zake wa mwituni wenye asili ya Brazil, hasa Manihot glaziovii, wakapata uvumilivu ambao bado umo ndani ya aina nyingi zinazolimwa Afrika.

Jikoni nako, kwa unga wa muhogo mchungu, wa makopa hasa, kuna njia iliyofanyiwa majaribio na wanasayansi wa Australia na wenzao wa Afrika, na inaweza kufanyika Nassa leo bila gharama. Changanya unga na maji hadi uwe rojo nzito, utandaze usizidi unene wa sentimita moja, uache juani saa mbili au kivulini saa tano. Kimeng'enya kilichobaki ndani ya unga humalizia kuvunja linamarini, sianidi hupaa, kisha unga huo unasongwa ugali siku hiyohiyo.