DAWA YA UZEE, AU DAWA YA MARADHI YA UZEENI?



Wazee wetu wa Louisville, Columbus na Buffalo wanatuuliza: je, ni kweli wataalamu wanatafuta dawa ya kuondoa uzee? Tumeona tuifafanue habari hii.

Mwaka 1961, huko Philadelphia, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kuwa seli za mwanadamu zikilelewa maabarani hugawanyika kiasi cha mara 50, kisha hukoma. Mwilini, baadhi ya seli zilizokoma hazifi, bali hutoa kemikali zinazodhuru jirani zake. Samaki mmoja akioza, huoza wote.

Mwaka 2011, wataalamu wa Mayo Clinic waliziondoa seli hizo katika panya waliobuniwa maalumu, na baadhi ya maradhi ya uzeeni yakachelewa. Mwaka 2015 zikajaribiwa kwa panya dawa mbili pamoja: dasatinibu, inayotibu saratani ya damu, na kwasetini, iliyomo katika vitunguu na matofaa. Mwaka 2019 wagonjwa 14 wenye makovu ya mapafu walizitumia, wakaweza kutembea vizuri zaidi. Lakini hapakuwa na kundi la kuwalinganisha nalo. Mwaka 2020 dawa nyingine, ya maumivu ya goti, haikuishinda sindano isiyo na dawa.

Hapo Buffalo kwenyewe, watafiti wa Roswell Park walionyesha mwaka 2016 kuwa, katika panya, baadhi ya seli zilizodhaniwa kuwa zimezeeka ni askari wa kinga ya mwili. Isitoshe, seli zilizokoma husaidia vidonda kupona. Basi si kila kikongwe ni adui.

Vidonge vya kwasetini huuzwa madukani bila cheti cha daktari. Tunawasihi wazee wasiache dawa za presha wala za sukari kwa ajili yake, na wamwambie daktari kabla ya kuvimeza. Ama dasatinibu, huweza kusababisha kutoka damu. Haiazimwi kwa jirani.

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tujitibu, akauvua uzee katika yale yenye dawa. Watafiti makini nao hawaahidi ujana. Wanatafuta goti lisilouma na pumzi isiyokatika, ili mzee asimame katika Swala bila ya kushikwa mkono. Hilo lastahili kutafutwa, na kungojewa kwa subira.

Wabillahi Tawfiq.