Kifaranga, Yaka na Taa Isiyochoma Vidole

Ukiulizia balbu ya kizamani katika duka la vifaa vya umeme pale Kibuli, Kampala, ile ya kioo yenye uzi mwembamba ndani, muuzaji huinama. Haikai tena kwenye rafu ya mbele. Imo ndani ya boksi chini ya kaunta, na kabla ya kuitoa huenda akauliza: "Una vifaranga wangapi?"

Hatanii. Nyuma ya nyumba nyingi za Kampala kuna banda la kuku, na kifaranga wa siku moja anataka joto la nyuzi 32 hadi 35 ili aione wiki ya pili. Balbu ya wati 60 au 100 ikining'inizwa juu ya boksi lake huifanya kazi ya mama kuku bila kulalamika. Mwanga ni nyongeza tu. Katika kila sehemu 100 za umeme unaoingia kwenye balbu hiyo, sehemu zinazotoka kama mwanga hazifiki 10, na zote zilizobaki ni joto. Miaka yote tuliiita taa, kumbe lilikuwa jiko dogo linalovuja mwanga.

Mwenye kuku anafaidi. Asiye na kuku analipia jiko ambalo hapikii.

Kuona kwa nini iko hivyo, inatosha kuitazama balbu yenyewe. Ule uzi ni wa tangsteni, na umeme unapopita humo unausugua hadi unafika nyuzi 2,500 hivi. Kitu chochote kikipata moto kiasi hicho kitang'aa, kama chuma cha mhunzi. Taa ya LED haina uzi na haiunguzi kitu. Ndani yake mna vipande vidogo vya semikondakta, kila kimoja kikiwa na tabaka mbili: moja imejaa elektroni, nyingine ina nafasi zinazozisubiri. Umeme ukipita, elektroni huvuka mpaka na kutumbukia katika nafasi hizo, na nguvu inayobaki hutoka moja kwa moja kama mwanga. Joto lipo, lakini dogo. Ndiyo maana mtu anaweza kuigusa LED iliyowaka saa tatu, jambo ambalo kwa balbu ya zamani hulifanya mara moja tu maishani.

Jijini Kampala tofauti hiyo husomwa kwenye Yaka. Ndilo jina la mita za malipo ya kabla zilizoletwa na Umeme, kampuni iliyosambaza umeme nchini Uganda tangu Machi 2005 hadi mwisho wa Machi 2025. Ni neno la Kiganda, na Mswahili hahitaji mkalimani: okwaka ni kuwaka. Aprili 2025 kazi ikarudi mikononi mwa shirika la serikali, UEDCL, lakini jina likabaki mtaani. Mtu hasemi umeme umekatika kwa sababu hajalipa. Husema Yaka imeisha.

Tupige hesabu. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi. LED ya wati 9, yenye mwanga ule ule wa lumeni 800 hivi, hula uniti 1.35. Nyumba yenye taa nne itakula uniti 36 kwa balbu za zamani, au 5.4 kwa LED. Sasa ingiza bei. Kwa bei za mwaka 2025, uniti 15 za kwanza za mwezi ziliuzwa kwa nafuu, shilingi 250 kila moja, na zilizofuata zilipanda hadi zaidi ya shilingi 700. Tukichukua 750 ili hesabu iwe nyepesi, mwenye balbu nne za zamani anatoa shilingi 19,500 kwa mwanga peke yake kabla ya kodi. Jirani yake wa LED anatoa 1,350, na bado amebakiwa na uniti tisa na ushei za bei ya chini kwa ajili ya simu, redio na pasi.

Hesabu hiyo huleta maneno kwenye nyumba za mizigo. Muzigo, kwa lugha ya Kampala, ni chumba kimoja au viwili vya kupanga katika safu ndefu yenye mlango kwa mlango, na Kibuli inazo nyingi, kuteremka hadi upande wa Namuwongo. Mara nyingi safu nzima ina mita moja. Zile uniti 15 za nafuu zinagawanywa kwa familia nne au tano, na mpangaji mmoja mwenye balbu ya wati 100 anayelala bila kuizima anazimaliza kabla mwezi haujapevuka. Wenzake watamaliza mwezi kwa bei ya juu. Kuna wenye nyumba wanaopita mlango hadi mlango kukagua balbu, na kusema kweli, katika ukaguzi wote wanaoufanya wenye nyumba, huo ndio unaoweza kutetewa.

Kilima cha Kibuli kimeona zama zote za taa. Msikiti wa Kibuli, uliojengwa kwenye ardhi ya Mwanamfalme Badru Kakungulu, ulifunguliwa mwaka 1951. Miaka mitatu baadaye, Aprili 1954, Malkia Elizabeth II alifungua bwawa la Owen Falls huko Jinja, ambalo siku hizi linaitwa Nalubaale, na umeme wa Mto Nile ukaanza kumiminika. Balbu iliyotawala enzi hizo ilikuwa ya saa 1,000, na urefu huo wa maisha haukuwa wa bahati mbaya: mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu duniani waliunda umoja wao wa Phoebus huko Geneva na kupatana kwamba balbu isidumu zaidi ya hapo. Mteja arudi dukani.

Kilichoitikisa balbu hiyo nchini Uganda ni ziwa. Mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Viktoria yalishuka, mitambo ya Jinja ikapungukiwa, na mgao wa umeme ukawa ndio kalenda ya nyumba. Jenereta za dizeli zikaletwa, nyingine zikapangwa hapo Lugogo, jijini Kampala. Serikali ikachukua pia njia ya pili: mwaka 2007 ilisambaza takriban balbu 800,000 za enaji seva, zile zilizojikunja kama utumbo, bila malipo. Mahitaji ya saa za jioni yakapungua kwa takriban megawati 30. Megawati za kuokoa ni rahisi kuliko za kuzalisha, na Uganda ilikuwa imejifunza hilo gizani.

Hata hivyo enaji seva ina zebaki ndani. Ni miligramu chache tu, lakini ikipasuka hutoka, na mitaani hakuna jalala lake maalumu. Machi 2022, katika mkutano wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki huko Bali, nchi za Afrika ndizo zilizosukuma hoja ya kuziondoa, na ikakubaliwa kwamba enaji seva za kawaida za nyumbani zikome ifikapo 2025. Mkutano uliofuata wa Geneva, mwaka 2023, ukaziwekea taa za tyubu ukomo wa 2027. Balbu iliyookoa jioni za Kampala haikufikisha hata miaka 20 ya heshima.

LED yenyewe ilikawia kwa sababu ya rangi moja. Nick Holonyak alitengeneza LED nyekundu inayoonekana kwa macho mwaka 1962 nchini Marekani, kijani ikafuata, lakini buluu ikagoma kwa miaka 30. Bila buluu hakuna nyeupe. Wajapani watatu ndio walioivunja ngome: Isamu Akasaki na Hiroshi Amano upande mmoja, na upande mwingine Shuji Nakamura, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Nichia. Mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Bonasi aliyopewa Nakamura na mwajiri wake mwanzoni ilikuwa yeni 20,000, pesa ya chakula cha jioni cha watu wachache. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2005 wakapatana kwa yeni milioni 840 hivi.

Ukiifungua LED nyeupe utaona kazi yao. Kila kidoa ndani yake kimefunikwa kwa unga wa manjano. Chipu iliyo chini hutoa mwanga wa buluu, unga hugeuza sehemu yake kuwa manjano, na macho yetu yakichanganya yanaona nyeupe.

Kuifungua si jambo la ajabu Kibuli, kwa kuwa mafundi hufanya hivyo kila siku. Mteja huja na LED iliyozimika baada ya miezi minne ilhali boksi liliahidi miaka 15. Fundi hupenyeza ncha ya kisu chini ya kikombe cheupe cha plastiki, hukizungusha, hukibandua. Vidoa vya manjano vimejipanga duara juu ya sahani ya bati, na kimoja kina nukta nyeusi katikati, kama punje ya hindi iliyotobolewa na fukusi. Hicho ndicho kilichokufa. Kwa kuwa vimeunganishwa kwa mnyororo mmoja, kikifa kimoja vyote vinazimika. Fundi anakiunganisha juu kwa juu kwa tone la risasi, anajaribu, taa inawaka. Kazi ya dakika tano, lakini si ya kuigwa na mtoto nyumbani, kwani ndani ya balbu nyingi kuna volti 240 waziwazi. Na kwa kawaida taa hiyo haikai sana, maana kilichoua chipu ya kwanza bado kipo.

Kilichoiua ni joto. LED huzalisha joto dogo, ila haiwezi kulivumilia hata hilo dogo. Balbu ya zamani ilirusha joto lake hewani pamoja na mwanga, ilhali joto la LED hujikusanya nyuma ya chipu na lazima lipate pa kutokea. Kiwanda kizuri huweka mwili wa alumini unene wa kutosha. Kiwanda cha njia ya mkato huweka plastiki na karatasi ya alumini, kisha kapasita ya bei chee inayokauka taratibu. Ndiyo maana mafundi wazee huipima balbu kwa kiganja kabla ya kusoma boksi: nzito ina chuma, nyepesi ina maneno. Na hata ile nzito, ukiifungia ndani ya kikombe cha kioo kisichopitisha hewa, umeipunguzia umri.

Kuna sehemu moja LED nyeupe imeshindwa kabisa, nayo huonekana Kampala kila Novemba. Ni msimu wa nsenene, wale panzi wa kijani wanaoitwa senene huko Bukoba. Watekaji husimamisha mabati kuzunguka mapipa, na juu yake huwasha taa za zebaki za wati 400 au zaidi zinazouma macho kutoka mbali. Wadudu huvutwa zaidi na mwanga wa urujuanimno, ambao taa za zebaki zinao kwa wingi, ilhali LED nyeupe karibu haina kabisa. Mtekaji aliyeweka LED ili aokoe Yaka atalala na pipa tupu. Kwa mama mwenye kibanda cha chapati usiku, kasoro hiyo hiyo ni neema.

Kwa mnunuzi wa kawaida, tatizo kubwa ni boksi. "Hajati, chukua hii, wati kumi na tano, inawaka kama mchana," muuzaji humwambia, na wati 15 zinaweza kuwa 7. Wati huonyesha taa inakula nini, na lumeni huonyesha inatoa nini. Boksi lisilotaja lumeni halijasema lolote.

Lakini hakimu yupo ukutani. Yaka ina kitaa kidogo chekundu, mjukuu wa kile cha Holonyak, na katika mita nyingi pembeni yake pameandikwa 1000 imp/kWh, yaani kinapepesa mara 1,000 kwa kila uniti. Zima vitu vyote, chomoa friji na chaja, acha balbu moja tu. Ikiwa ni ile ya kioo ya wati 60, kitaa kitapepesa mara moja kila dakika. Ikiwa ni LED ya kweli ya wati 9, utasubiri dakika 6 na sekunde 40. Ukiona mtu Kibuli amesimama kimya mbele ya mita usiku, saa mkononi, nyumba yote giza isipokuwa chumba kimoja, usimsemeshe. Anahesabu.