Njoro si Kasri Pekee

Mgeni afikapo Njoro, mji wa Chuo Kikuu cha Egerton, wenyeji humwelekeza kwanza kwenye kasri la Lord Egerton lililoko Ngata. Jumba hilo lilianza kujengwa mwaka wa 1938 na kukamilika mwaka wa 1954. Mgeni hupigwa picha, husimuliwa hekaya za mapenzi ya bwana yule, kisha hurudi zake Nakuru.

Mimi ningemwongoza mtoni. Jina Njoro, kwa faida ya wanafunzi wa isimu, lina asili ya Kimaasai, na maana yake ni chemchemi. Mto huo hutoka Msitu wa Mau, hupita chuoni, na kuishia Ziwa Nakuru. Mwaka uo huo wa 1938, katika pango lililo kingoni mwake, Mary Leakey na mumewe Louis walifukua mabakuli ya mawe, shanga, na mifupa ya watu waliozikwa yapata miaka 3,000 iliyopita baada ya kuchomwa moto. Ni walimu wangapi waliowasimulia wanafunzi wao habari hizo?

Kasri lina mlinzi na tikiti, mto hauna. Tangu miti ya Mau ifyekwe, baadhi ya sehemu zake hukauka kiangazini, na mgeni aweza kuivuka “chemchemi” hiyo pasipo kulowa kisigino.