Silaha ya Jamaa Katika Sanduku la Mama

Katika nyumba nyingi za pwani yetu ya kusini, mwanamke ndiye mtunza amana. Hati ya shamba la minazi huwa kwake, dhahabu ya wifi huwa kwake, na fedha za harusi ya shemeji huwa kwake. Basi jamaa mwenye kitu asichotaka kionekane huujia mlango huo huo: "Niwekee hiki, nitakipitia baada ya Idi." Kikiwa ni bastola iliyoviringwa ndani ya kanga, kukiita amana hakumwokoi aliyekipokea.

Wengi hudhani kosa ni la mwenye silaha peke yake. Sivyo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya sheria za Kenya, yakataza mtu kununua, kupata au kuwa na bunduki au risasi bila cheti, na cheti hutolewa kwa jina la mtu mmoja. Cha mume hakimfuniki mke. Kisha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, katika kifungu cha 4, yaeleza "kuwa na kitu" kwa upana ambao huwashangaza wengi: si kukishika mkononi tu, bali hata kukiweka mahali popote, pawe pako au pa mwingine, kwa manufaa yako au ya mtu mwingine. Na wawili au zaidi wakijua na kuridhia, akakishika mmoja wao, wote wahesabiwa wanacho.

Neno zito hapo ni kujua. Aliyelalia godoro asijue kilichofichwa chini yake ana la kujitetea nalo. Aliyeambiwa, akaridhia na kufunga sanduku, hana jipya la kumwambia hakimu.

Watu wa Kwale hawahitaji kusimuliwa gharama ya bunduki iliyofichwa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa na silaha zikachukuliwa. Msako uliofuata uliingia hadi misitu ya kaya na vijiji vyake, na ukabisha hodi hata kwa wasiokuwa na chochote.

Mauti nayo huleta tatizo lake. Mzee aliyekuwa na cheti afariki. Baada ya hitima watoto wagawa vitu, na bunduki yaangukia mwana mkubwa, au yauzwa upesi ili kulipa deni la hospitali. Kadhi ana mamlaka juu ya mirathi yetu chini ya ibara ya 170 ya Katiba, lakini kumpangia mrithi fungu lake si kumpa cheti cha silaha. Tena kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi chakataza kuingilia mali ya marehemu bila idhini, kwa faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wako wasemao kuwa sheria hiyo haituhusu Waislamu. Katika ugawaji wa mafungu ni kweli. Katika usimamizi wa mali ya marehemu yatuhusu, maadamu haipingani na sheria ya Kiislamu. Na kosa la silaha hubaki pale pale, kwa muuzaji na kwa mnunuzi asiye na cheti.

Kuhusu amana yenyewe, katika madhehebu ya Imam Shafi asiyeweza kuihifadhi haimjuzii kuipokea. Mama aweza kumkatalia kaka yake bila kuona kwamba amekata udugu. Twaona ni bora amuulize furushi lingali nje ya kizingiti: ndani mna nini?

Ikiwa imekwisha kuingia, isiguswe, wala isibebwe kwa bodaboda kupelekwa kituoni, maana njiani mbebaji ndiye aliye nayo. Mtu wa kuaminika, awe wakili, chifu au mzee wa mtaa, awaarifu polisi wa Diani, Msambweni au Kwale waifuate wenyewe. Habari iandikwe katika kitabu cha matukio na nambari ya OB ichukuliwe.

Akikamatwa mtu, ibara ya 49 ya Katiba yampa haki ya kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ikiwa muda huo waishia nje ya saa za mahakama. Walio nyumbani waandike saa aliyochukuliwa na jina la kituo alikopelekwa.