Meno ya Difu na Mlima wa Molo

Mkulima apelekaye mbolea kwa pikapu kutoka Nakuru hadi Molo hupanda mlima mrefu, tena katika hewa nyepesi inayoipunguzia injini nguvu. Yafaa ajue meno ya difu. Gurudumu dogo la meno 10 likizungusha kubwa la meno 40, shafti huzunguka mara 4 tairi zizungukapo mara moja. Yakiwa 9 na 45, huzunguka mara 5: gari huondoka upesi na kupanda bila kulalama. Lakini katika tambarare ya Naivasha, injini ikienda mbio zile zile, kilomita 100 kwa saa huwa 80. Wa Molo na achague hilo la pili. Karani wa mjini halimfai. Ukitaka kulipima, zuia tairi za mbele kwa mawe, inua za nyuma zote mbili, gia ikiwa huru, uzizungushe pamoja mara moja huku ukihesabu mizunguko ya shafti.