Nyangwe iko mbele ya Kinshasa saa moja: kompyuta zinapima muda namna gani?

Wakaaji wa Maniema wamezoea: saa nne asubuhi Nyangwe ni saa tatu Kinshasa. Habari ikitoka Kasongo saa nne kamili na ikasomwa Kinshasa saa tatu na dakika moja, hakuna atakayesema imefika kabla ya kutumwa. Kompyuta nazo zilishamaliza shida hiyo. Ndani yake zinafuata saa moja ya dunia nzima, UTC. Shida yenyewe iko kwingine.

Kila kompyuta ina saa yake, inayoendeshwa na kipande kidogo cha kwatzi. Joto likibadilika, saa inakimbia ama inachelewa. Sekunde moja ama mbili kwa siku si ajabu. Kwa hiyo inauliza saa kwenye rezo na kujirekebisha, pengine kwa kurudi nyuma. Sasa kazi ya sekunde moja ikianza, na katikati saa ikarudishwa sekunde mbili, hesabu itasema kazi imeisha kabla ya kuanza!

Ilitokea kweli. Usiku wa kuamkia 1 Januari 2017, UTC iliongezwa sekunde moja ili ilingane na mzunguko wa dunia. Kwenye kampuni ya Cloudflare ya Marekani, programu moja ilipata muda ulio chini ya sifuri, ikaanguka. Mwaka uleule lugha ya Go, iliyoandikia programu ile, ilirekebishwa.

Saa kuharibika inaleta hasara tangu zamani. Livingstone, aliyefika Nyangwe mwaka 1871, alikuwa akijua mahali alipo kwa kulinganisha saa ya jua na saa ya Uingereza aliyobeba. Januari 1867 mbebaji alianguka na saa hizo, na vipimo vikapotoka. Dakika moja tu ya kosa huku kwetu ni karibu kilomita 28 kwenye ramani.

Dawa ya kompyuta ni kuwa na saa mbili. Ya kwanza inasema leo ni lini. Ya pili inahesabu tu, hairudi nyuma hata kidogo, na ndiyo ya kupimia muda. Lakini nambari yake haina maana kwenye mashine nyingine. Ukitaka kujua ujumbe unachukua muda gani kwenda Kinshasa, mashine ya Nyangwe yenyewe ihesabu kutoka kutuma mpaka jibu kurudi. Kugawa mara mbili ili kupata safari ya kwenda peke yake, hapo unakisia: njia ya kurudi inaweza kuwa nzito zaidi.